Mume Wangu Anang'ang'ania Kamera ya Kubadilisha Lenzi, Nami Nimeanza Kumshuku

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke, kwa sababu najua ukurasa huu huletewa mambo mazito ya ndoa na urithi na watoto waliokimbia nyumbani, na mimi nimekaa hapa kukuandikia habari za kamera. Soma hadi mwisho utaona kwamba kamera ni mlango tu, mambo yako ndani.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mpiga picha, kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne, harusi, mahafali, picha za familia, hata zile ndogo za vitambulisho nikikosa kazi nyingine, na studio yangu ni chumba kimoja chenye pazia la kijivu na kiti cha kuzunguka, lakini wateja wananijua na wanarudi. Nina mume na binti mmoja wa miaka kumi na tano. Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha maboksi, mtu wa heshima zake, mashine ikigoma walimwita hata akiwa likizo, kisha miaka miwili iliyopita kiwanda kikaleta mashine mpya wakapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa nyumbani miezi mitatu akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika, alifungua redio nzima akaifunga, akafungua pasi nzima akaifunga, hadi nikamwambia, mume wangu, twende wote kazini ukanishikie mfuko. Tangu siku hiyo tunakwenda wote. Yeye hubeba mfuko wa lenzi, husimama hatua moja nyuma ya bega langu la kushoto, na nikinyoosha mkono bila hata kugeuka ananiwekea lenzi ninayoitaka, ndefu au fupi, wala hakosei. Washereheshaji wamempachika jina la Bwana Lenzi, wanamtaja kwenye kipaza sauti, ukumbi unacheka, naye anacheka.

Sasa mshauri, kamera yangu kubwa imekufa, na imekufa siku mbaya, katikati ya harusi, bwana harusi ameshika pete, nimebonyeza nikasikia mlio kama wa kijiko kinachoangukia kwenye sinki, kile kioo cha ndani ambacho huruka kila unapopiga kikakwama juu, nikawa naona giza tupu, ikabidi nimalizie kwa kamera yetu ya akiba ambayo ni kuukuu kuliko ndoa ya wale maharusi itakavyokuja kuwa. Lazima ninunue nyingine. Kamera za siku hizi hazina tena kile kioo, ni nyepesi, hazipigi kelele, na katika kuuliza na kusoma nimebaki na mbili. Ya kwanza ni ya kubadilisha lenzi kama ile niliyoizoea, unanunua bodi, yaani kamera tupu, kisha unaivalisha lenzi uitakayo, na hata lenzi zangu nne za zamani zinaingia kwa kuwekewa kiungio. Ya pili ni ndogo, inakaa kwenye mkoba wa mkononi, lakini usidanganywe na udogo wake, bei yake ni ya kukaa chini na kunywa maji kwanza, na lenzi yake ni moja tu, imefungwa kiwandani, haitoki wala haivuti mbali, ukitaka mtu aonekane mkubwa kwenye picha unamfuata kwa miguu yako. Ila picha zake, mshauri, ngozi ya mtu inabaki ngozi, na jicho linabaki na maji yake.

Mwezi uliopita tulikwenda dukani mimi na mume wangu. Muuzaji akaziweka zote mbili juu ya meza ya kioo. Nikaichukua ile ndogo, ikakaa mkononi kana kwamba ilikuwa inanisubiri mimi. Mume wangu akaniuliza, "Hiyo ukitaka kumpiga mtu aliye mbali?"

Nikamwambia, "Nitasogea."

"Na pasipokuwa na nafasi ya kusogea?"

"Nitaipata."

"Na lenzi zako nne tunazipeleka wapi?"

Muuzaji ni mtu wa maneno mengi, akadakia, "Shemeji, uzuri wa hii ndogo ni kwamba haihitaji msaidizi. Dada anaitia kwenye mkoba anaondoka zake." Mume wangu aliichukua ile kamera mkononi mwangu, akairudisha mezani taratibu, akasema, "Tunachukua ya kubadilisha lenzi." Nikasema sijaamua. Tangu siku hiyo asubuhi ni lenzi, mchana ni lenzi, anakula anazungumza habari za lenzi, mtu ambaye miaka miwili nyuma hakujua upande upi wa lenzi hutazama mbele.

Nikaanza kujiuliza, mshauri. Mwanamume mzima anapigania mfuko wa lenzi kwa faida gani? Nikaanza kutazama nyuma. Kuna dada mmoja mpambaji, tunakutana naye karibu kila harusi, kila mtu anamwita Brashi, mwanamke mchangamfu, mjane, kucha zake safi wakati wote. Kila harusi mume wangu huwa na sababu ya kwenda chumba anachopambiwa bibi harusi, mara amepeleka lenzi fupi, mara amefuata betri, na akienda harudi upesi. Tarehe za harusi huzijua kabla yangu. Amenunua shati la bluu ambalo sikumchagulia. Nikajiambia acha ujinga, wewe ni mtu mzima.

Wiki hiyohiyo nikiwa studio nahamisha picha kutoka kamera ya akiba, nikakuta kwenye kadi picha thelathini na saba ambazo sikuzipiga mimi. Zote ni za Brashi. Mikono yake akichanganya rangi, mikono yake na brashi, mikono yake kwenye shavu la bibi harusi, na tatu ni za uso wake mwenyewe kutoka upande, amekaa karibu na dirisha, hatazami kamera. Za mwanzo zimetikisika, za mwisho ziko safi, hilo nakiri. Nilikaa kwenye kile kiti cha kuzunguka hadi mteja wa kitambulisho akaniuliza kama naumwa. Kesho yake mume wangu alikuwa anaoga, simu yake ikalia mezani, na mimi si mtu wa kusoma simu za watu lakini ujumbe ulikuwa juu kabisa, umeandikwa na Brashi, "Zile za juzi ni nzuri sana. Usimwonyeshe bado."

Usimwonyeshe bado. Mshauri, huyo asiyetakiwa kuonyeshwa ni nani kama si mimi?

Sikumuuliza. Niliamua kununua ile ndogo, nikazunguke peke yangu, yeye abaki na lenzi zake na huyo wake, na nikaenda dukani peke yangu kumwambia muuzaji aniwekee, asimpe mtu mwingine. Muuzaji akasema, dada, ichukue ukaijaribu, kaa nayo hata wiki, ukiridhika tutamalizana, na amekuwa akinipigia kuuliza naionaje, kwa kweli ni mtu muungwana. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi ndogo ya bustanini, watu arobaini tu, na hapa ndipo nilipokosea kidogo, nilimwambia mume wangu imeahirishwa, nikasema nakwenda kumsalimia dada yangu, nikaenda kuipiga peke yangu. Sijawahi kufurahia kazi namna ile. Hakuna mfuko, hakuna mtu begani, hakuna anayegeuka kunitazama, nimewapata watoto chini ya meza, nimempata bibi harusi amevua viatu anacheka na mama yake, picha za kiapo hazikutoka sana kwa sababu kulikuwa na kamba ya kuzuia watu wasisogee, lakini zingine zote ni picha za maisha yangu. Brashi alikuwepo. Ananikuta tu, neno la kwanza, "Leo Bwana yuko wapi?" Nikamjibu anapumzika. Akanitazama kwa muda, akarudi kwenye poda zake. Wewe niambie, anamuulizia mume wangu kwa nini?

Na tangu siku ile mume wangu amebadilika. Habari za lenzi ameacha. Anajibu anachoulizwa tu. Asubuhi anafika studio kabla yangu, anafuta vumbi lenzi zote nne, anazipanga, anakaa. Binti yetu ameniuliza, "Mama, baba amekukosea nini?" nikashindwa kumjibu, maana nitamwambia nini mtoto?

Kwa hiyo naomba uniambie mambo mawili. Ninunue kamera ipi, na mume wangu ana nini na yule mwanamke? Nimeacha namba ya studio hapa chini.

Ni mimi mpiga picha, nisiyelala nikashiba usingizi.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, barua yako nimekaa nayo wiki mbili, na sikukaa nayo bure. Kwanza nikupe pole. Picha thelathini na saba za mwanamke mwingine kwenye kamera yako mwenyewe si jambo la kupita kama upepo, na ule ujumbe hata mimi umenisimamisha. Mtu akikwambia usishuku huyo hakutakii mema. Shuku. Lakini ukianza kushuku, shuku watu wote waliomo kwenye barua, na mwandishi wake akiwemo.

Mimi nilianza na muuzaji wako wa kamera. Mtu anampa mteja kamera ya bei ya kukaa chini na kunywa maji, aende nayo wiki nzima bila kulipa hata amana, kisha anampigia simu kuuliza naionaje, na wewe unaniandikia ni muungwana. Huyohuyo ndiye aliyemwambia mumeo usoni kwamba hahitajiki tena. Inawezekana anatafuta kuuza tu. Lakini jiulize, simu kama hizo zingekuwa zinaingia kwa mumeo kutoka kwa Brashi, ungeziita uungwana?

Kisha nikakushuku wewe. Umesema "nilikosea kidogo." Ulimdanganya mumeo kwamba kazi imeahirishwa, ukamtumia dada yako kama kifuniko, ukaenda na kitu ulichopewa na mwanamume mwingine kwa siri, na ukamkuta Brashi uso kwa uso. Unadhani Brashi alirudi kwenye poda zake ikaishia hapo? Mumeo amenyamaza tangu siku ile kwa sababu alijua siku ile. Naye angeweza kuniandikia barua, mdogo wangu, na yake ingekuwa na ushahidi mzito kuliko wako.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilipiga ile namba ya studio nikitaka kuzungumza na wewe, akapokea mumeo. Badala ya kukata nikajifanya mteja wa picha za mahafali. Nilitaka nimsikie.

Akasema, "Karibu, mama. Tarehe ngapi?"

Nikataja tarehe, nikamuuliza, "Mpiga picha ni wewe?"

"Mpiga picha ni mke wangu. Mimi nabeba."

"Unabeba nini?"

"Nabeba lenzi, mama. Kwa sasa. Baadaye sijui."

Nikamuuliza mkewe yuko wapi. Akasema, "Ametoka. Hakusema anakwenda wapi." Alilisema bila hasira, na hicho ndicho kilichonitia wasiwasi, maana mtu mwenye hasira bado ana la kudai. Nikakata simu nimeona haya.

Ndipo nikakuandikia faraghani kabla ya kuchapa lolote. Nilikwambia ukae na mumeo mchana, jikoni, binti akiwa shule, uweke ile kadi juu ya meza na uanze na kosa lako, siyo lake. Ulinijibu kwa hasira kwamba unaomba ushauri si adhabu. Siku nne baadaye ukanitumia barua ndefu kuliko ya kwanza, ukaniruhusu niwasimulie wasomaji, kwa hiyo nitawasimulia kwa ufupi.

Ulimwambia habari za harusi ya bustanini. Akasema, "Najua. Brashi alinipigia kuuliza kama naumwa." Ukamuuliza kwa nini hakusema kitu wiki zote hizo. Akasema, "Ningekuuliza ungesema kweli. Hujui kunidanganya vizuri. Nilikuwa sijajiandaa kuusikia huo ukweli."

Ukaweka kadi mezani. Akaitazama kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi, ndivyo ulivyoandika. Kisha akasema kwamba Brashi alikuwa anatafuta picha za mikono yake za kuweka kwenye kibao cha biashara, alitaka kukuomba wewe, naye akamwambia ngoja nijaribu mimi. Alijaribu harusi nne. Ndiyo sababu ya kwenda na kutorudi. Ukamuuliza kwa nini ilikuwa siri, na jibu lake nimelisoma mara tatu.

"Wewe ukikaa pale mbele ya kompyuta unapitia picha za wapiga picha wenzako, unasema takataka, takataka, takataka. Mimi nimekaa nyuma yako karibu miaka miwili nasikia. Nilitaka niwe na moja ambayo ukiiona huwezi kuiita hivyo. Brashi ndiye aliyeniambia nisikuonyeshe mpaka niipate."

Na shati? Alilinunua kwa sababu lile la zamani lilikuwa linang'aa kila likiingia kwenye picha za wageni, ulikuwa umelalamika mwenyewe.

Sasa usinielewe vibaya. Mimi siapi kwa niaba ya mwanamume yeyote, hata wangu simwapii. Zile picha thelathini na nne za mikono nazielewa, kibao kinahitaji mikono. Zile tatu za uso karibu na dirisha hakuzieleza vizuri. Alisema, "Mwanga ulikuwa mzuri." Labda. Wewe ni mpiga picha, unajua kuliko mimi kama mwanga wa dirisha unaweza kumfanya mtu ageuze kamera bila kufikiri. Nawe ulinijibu kwamba unaweza, kwamba nawe umeshawahi kumpiga mtu usiyemjua kwa sababu tu ya namna jua lilivyomkalia shingoni. Basi mpe nafasi hiyohiyo unayojipa. Ila hizo tatu ampe Brashi mbele yako, na kuanzia leo mawasiliano ya kazi yapite kwenye simu ya studio. Asipokubali hilo, niandikie tena, na safari hiyo nitaanza kwa kumshuku yeye.

Turudi kwenye kamera, maana ndiyo uliyoniuliza, na wasomaji wengine wenye kazi kama yako wanasubiri.

Uliandika nusu sentensi ukaikimbia, kwamba picha za kiapo hazikutoka sana kwa sababu ya kamba. Niliomba unitumie moja. Ulinitumia migongo miwili na kipande cha shela. Mdogo wangu, yule bibi harusi hakukuita umpigie watoto chini ya meza. Watoto ni zawadi, kiapo ndiyo kazi. Kwenye ukumbi kuna jukwaa, kuna kamba, kuna mjomba mnene aliyesimama mbele, na hapo miguu yako haitakufikisha popote. Lenzi isiyotoka ni ya mtu anayeweza kuchagua asimame wapi. Wewe unaitwa mahali umeshapangiwa pa kusimama. Kwa kazi ya harusi na mahafali, nunua ya kubadilisha lenzi. Mumeo alikuwa sahihi, hata kama alikuwa sahihi kwa sababu ya kuogopa kuachwa.

Lakini na wewe ulikuwa sahihi kwa jambo moja, na hukulitaja kwa jina lake. Hukuipenda ile kamera ndogo peke yake. Ulipenda kuwa bila mtu begani. Karibu miaka miwili hukupata saa moja ya kazi bila mumeo kusimama hatua moja nyuma yako, na uliona aibu kulisema kwa sababu wewe ndiwe uliyemwita, na kwa sababu hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo ukatafuta kamera itakayolisema kwa niaba yako. Kitu hicho hakiuzwi dukani. Mwambie mwenyewe, kwa maneno mazuri, kwamba kuna kazi utakwenda peke yako, na atajua ni ipi na iko wapi.

Basi fanya hivi. Ile ndogo irudi dukani wiki hii, mwende wote wawili, na anayemkabidhi muuzaji awe mumeo. Chukueni bodi mpya na lenzi moja fupi nyepesi inayoivaa bila kiungio. Lenzi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwenye harusi za watu arobaini, mkoba mmoja, bila msaidizi, na utaona kwamba raha yako ya bustanini haikukaa kwenye ile kamera peke yake. Kwenye kumbi kubwa, lenzi yako ndefu ya zamani ivishwe kamera ya akiba, na ashike yeye. Asimame nyuma kabisa ya ukumbi, mbali na bega lako, apige kiapo kutoka huko. Mfuko wako beba mwenyewe, una mabega. Mshereheshaji akimwita Bwana Lenzi kwenye kipaza sauti, mfuate akishuka umwambie jina hilo limekwisha, mko wapiga picha wawili siku hizi. Usimwachie mumeo aliseme hilo. Liseme wewe.

Binti yenu alikuuliza swali akakosa jibu. Mjibu leo, kwamba mama na baba walifichana mambo na wameyaongea. Inatosha, usimpe barua nzima.

Na mumeo akikuletea picha zake za kwanza za ukumbini, nyingi zitakuwa mbaya. Hapo ndipo nitakapojua kama umenisikia. Usimsifu kwa uongo, fundi wa mitambo anajua kitu kikiwa kibovu. Mwambie hapa mkono ulitikisika, hapa ulikawia kubonyeza, hapa ulimkata bwana harusi miguu. Mwonyeshe namna ya kurekebisha. Halafu mrudishie kamera.